Turbo ama bila turbo? Kwanza niambie gari yako inaishi wapi

Kwa Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Nimeamua kuandika kwa sababu hapa Nakuru kwenye gereji ninayofanya kazi hakuna wiki inapita bila kijana kuingia na gari ya spoti akiuliza swali lile lile, nifunge turbo, ile pampu ya kushindilia hewa ndani ya injini, ama niache injini ivute hewa yenyewe nitie kamshafti kali ya kufungua valvu, heda ya kutoa moshi na eksosi nzuri halafu nityuni kompyuta, yaani nipange upya mafuta na muda wa plagi kuwaka? Mmoja ana Altezza, mwingine Impreza isiyo na turbo, mwingine Mark II ya mzee wake, na wengi wao wamekuja na jibu tayari mfukoni, wameliokota kwenye video za watu wa Marekani na Uingereza. Na hapo ndipo roho inaniuma, kwa sababu wale watu wanatyuni gari kwa hewa ya kwao na mafuta ya kwao, sisi tuko kwa mlima.

Wacha nianze na hewa maana ndio mambo yote. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko kama mita 1,795 juu, Nakuru kama 1,850, Eldoret imepita 2,100. Ukifika Nairobi presha ya hewa ni kama asilimia 81 ya ile ya Mombasa, na injini isiyo na turbo haina kitu kingine cha kuisukumia hewa ndani ya silinda isipokuwa hiyo presha. Hesabu ambayo mafundi hutumia ni kwamba kila mita 1,000 unayopanda inakunyang'anya kama asilimia 10 ya nguvu. Mkimbiaji akienda kukaa Iten damu yake inazoea baada ya muda, injini haizoei hata uikalishe huko miaka kumi.

Sasa chukua Altezza RS200 ya gia sita, ile yenye injini ya 3S-GE. Kiwandani Japani iliandikwa nguvu za farasi 210 kwa mizunguko 7,600 kwa dakika, na kwa injini ya lita mbili bila turbo hiyo ni kazi ya kuheshimika sana, valvu za titani, kompresheni, yaani kiasi hewa inavyobanwa ndani ya silinda, zaidi ya 11 kwa 1, Toyota na Yamaha walifanya kazi pale. Ilete Nairobi uiondolee asilimia 18 uone, unabaki na kama farasi 172, na hapo nimechukulia injini bado ina afya kama siku ilipotoka kiwandani, kumbe nyingi zina zaidi ya miaka ishirini. Halafu kijana anakuja na akiba yake ya mwaka mzima anataka heda, kamshafti, njia mpya ya hewa na kutyuniwa. Kazi ikifanywa vizuri atapata farasi 15, labda 20. Namwambia ukweli, pesa yote hiyo itakwisha na bado hujarudisha kile ulichonyang'anywa na mlima, yaani utakuwa umetumia hela kuifanya gari ya Nairobi ikaribie gari isiyoguswa ya Mombasa.

Turbo nayo inakaa tofauti kabisa na mlima. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka, na upande wa pili inashindilia hewa ndani, kwa hivyo hewa ikiwa nyepesi turbo inaweza kuzunguka kwa kasi zaidi ikajaza pengo. Tuseme umefunga busti, yaani presha inayoongezwa na turbo, ya bar 0.8. Mombasa hewa yenyewe ni kama bar 1.01, jumla ndani ya injini inafika 1.81. Nairobi hewa ni kama bar 0.82, ukiongeza 0.8 unapata 1.62. Umepoteza kama asilimia 10 tu, siyo 18, na kama kompyuta inaangalia presha kamili, yaani pamoja na ile ya hewa ya nje, badala ya ile ya geji basi unaweza kurudisha karibu yote. Bei yake ni kwamba turbo inafanya kazi ngumu zaidi, Mombasa ilikuwa inaikandamiza hewa mara 1.8, huku juu mara 2.2 kupata kitu kile kile, na hewa ikikandamizwa zaidi inapata moto zaidi, kwa hivyo intakula ndogo, kile kipozeo cha hiyo hewa, iliyotosha pwani huku haitoshi.

Hii siyo nadharia ya vitabuni. Formula 1 wakati Renault walikuja na injini ya turbo mwaka 1977 gari ilikuwa inaharibika kila mara hadi watu wakawa wanaiona ni mchezo, lakini mara ya kwanza gari ya turbo kuanza mbio ikiwa mbele ya wote ilikuwa Kyalami, Afrika Kusini, mwaka 1979 na Jean-Pierre Jabouille. Kyalami iko kama mita 1,500 juu ya bahari. Mwaka uliofuata René Arnoux akashinda pale pale, na 1982 Alain Prost, wote na Renault za turbo. Wenye injini za kawaida walikuwa wanakosa hewa, wenye turbo wanaisukuma.

Na hapa kwetu tuna Safari Rally. Shekhar Mehta alishinda mara nne mfululizo kutoka 1979 hadi 1982 na Datsun zisizo na turbo, magari magumu sana, na 1983 Ari Vatanen akashinda na Opel Ascona 400, hiyo pia haina turbo. Halafu 1984 Björn Waldegård akaja na Toyota Celica Twin Cam Turbo akachukua, 1985 Juha Kankkunen na Celica hiyo hiyo, 1986 Waldegård tena. Watu hukumbuka tu ule ugumu wa zile Datsun wanasahau kwamba turbo ilipofika mahali inaweza kuvumilia vumbi na joto la mbio zile, mambo yalibadilika na hayakurudi nyuma. Hata yule Mkenya wetu Patrick Njiru, 1993, aliimaliza Safari akiwa nafasi ya 12 na Subaru Vivio, kagari ka cc 660 ambako kana supachaja, nayo hushindilia hewa. cc 660 jamani, na barabara za wakati ule!

Kwa hivyo mtu akiniuliza kwa haraka, anaishi Nairobi, Nakuru, Eldoret, Nyahururu, hata Mbeya ama Arusha kwa majirani, namwambia turbo. Siogopi kusema hivyo. Lakini swali la pili ndilo linaua injini nyingi kuliko la kwanza, nalo ni turbo kwenye injini gani.

Turbo ya kuzaliwa nayo na turbo ya kubandikwa ni vitu viwili tofauti. Angalia Toyota wenyewe, injini yao ya 2JZ isiyo na turbo ina kompresheni ya 10 kwa 1, ile ya turbo iliyokuwa kwenye Supra wakaishusha hadi 8.5 kwa 1, wakaweka pistoni zingine, wakaweka vinyunyizio vya oili chini ya pistoni kuzipoza, injekta kubwa, hedi tofauti. Hawakufanya hayo kwa kupenda kutumia pesa. Ukishindilia hewa kwenye injini ya kompresheni ya juu mchanganyiko wa mafuta unalipuka wenyewe kabla plagi haijamaliza kazi yake, unasikia kama changarawe inatingishwa ndani ya mkebe, na eksosi ikiwa na kelele husikii kitu kabisa. Kila mlipuko wa namna hiyo ni nyundo juu ya pistoni.

Kuna kijana alituletea gari hapa ikivutwa, lita mbili, haikuwa ya turbo, ilifungiwa kiti, yaani seti ya vifaa vya kubandika turbo, mahali nisipotaja. Tulipofungua, nje pistoni ilionekana nzima. Lakini ukiishika ukageuza upande unaona kile kiukuta chembamba kati ya ringi ya kwanza na ya pili kimekatika kipande kama ukucha wa kidole gumba, na kile kipande kimekwaruza ukuta wa silinda kutoka juu hadi chini, mkwaruzo wa kuingiza kucha. Plagi ya silinda ile ilikuwa na vidoadoa vya kung'aa, hiyo ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka ikaruka ikaganda pale kwenye kauri. Ukiona vidoadoa hivyo kwenye plagi yako zima gari siku hiyo hiyo, usingoje wikendi. Na yule kijana aliambiwa busti ni ndogo tu haiwezi kuharibu kitu. Ni kweli ilikuwa ndogo, lakini mafuta hayakuongezwa ya kutosha na muda wa plagi kuwaka haukurudishwa nyuma, kompyuta ilikuwa ile ya kiwanda ambayo haijui hata kama kuna turbo.

Ndio maana ushauri wangu kwa mtu wa mlimani ni achana na kubandika. Tafuta injini iliyozaliwa na turbo, hafkati kamili, yaani nusu ya mbele ya gari iliyokatwa, na kompyuta yake na waya zake na giaboksi yake. Mwenye Mark II ya injini ya 1JZ ya kawaida anajua ndugu yake ya turbo 1JZ-GTE iko, lita 2.5, farasi 280 kiwandani, kuanzia 1996 ikaja na turbo moja badala ya mbili. Mwenye Impreza ya kawaida ana injini ya EJ20 ya turbo inayokaa pale pale. Kwa bei inaonekana ghali kuliko kiti, lakini ukihesabu kiti, injekta, pampu ya mafuta, kompyuta, kutyuni, halafu injini ya pili baada ya ile ya kwanza kunoki, yaani kufa, utaona mwenyewe. Na unapoinunua hafkati usidanganyike na kuiwasha tu ukaisikia inanguruma, pima kompresheni silinda moja moja, shika shafti ya turbo uitikise kwa kidole, ikigusa ukuta wa nyumba yake rudisha. Sheria yetu ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyozidi miaka minane, kwa hivyo hizi gari za spoti za miaka ya tisini tunazofanyia kazi zimeshazeeka zote, mipira ya vakyum imekauka, waya zinakatika ukizikunja, na busti inatafuta tundu popote lilipo.

Sasa niwaambie habari ya Desemba, maana hii ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu.

Kijana ametyuniwa Nairobi. Fundi amekaza mpaka mwisho, mafuta na muda wa plagi vimewekwa pale pale ukingoni kwa sababu wateja wanataka namba kubwa kwenye daino, ile mashine ya kupima nguvu ya gari. Sawa, Nairobi gari inaruka. Krismasi inafika anaingia barabara ya Mombasa na marafiki watatu na mizigo. Anashuka Athi River, Sultan Hamud, Mtito Andei, Voi, na kila anaposhuka hewa inazidi kuwa nzito. Turbo zinazolindwa na springi ya kawaida hupima tofauti kati ya ndani na nje, springi ikisema 0.8 basi itakuwa 0.8 popote, kwa hivyo ile jumla ya 1.62 aliyotyuniwa nayo imekuwa 1.81 bila yeye kugusa kitu. Juu ya hapo hewa ya Mariakani ina joto la nyuzi 32 na zaidi, intakula inavuta hiyo hiyo, na mafuta ni yale aliyoongeza njiani. Anakanyaga kupita lori moja, lori la pili, na pistoni inaondoka. Halafu watu wanasema turbo ni mbaya! Turbo haikukosea, mtu alityuni gari ya mita 1,795 akaipeleka kwa mita sifuri.

Hata wasio na turbo hawajapona hapo. Kuna watu huku juu wanapandisha kompresheni hadi 12 kwa sababu hewa nyepesi inavumilia, injini haijai kabisa kwa hivyo hailipuki ovyo hata na petroli ya kawaida. Ni ujanja halali na unafanya kazi. Lakini gari hiyo ikishuka pwani silinda inajaa kweli na ile kompresheni yote inaanza kudai oktani, yaani petroli isiyolipuka ovyo yenyewe, ambayo haikuwa inadai Nairobi. Na tukumbuke petroli ya juu ya Japani ambayo hizi injini zilitengenezewa inafika oktani 98 hadi 100, wakati wewe unajaza iliyopo kwa stesheni iliyo karibu. Mafundi wenzangu, tukimtyuni mtu tumuulize husafiri wapi, na tukimwachia gari tuache nafasi ya usalama kwa safari ya pwani, hata kama daino itaonyesha farasi kumi pungufu na mteja atanuna.

Kwa mtu wa Mombasa, Malindi, Tanga ama Dar hadithi ni nyingine na sitaki mtu wa pwani asome hii barua akakimbilia turbo. Wewe una hewa kamili bure. Kila farasi iliyoandikwa kwenye karatasi ya kiwanda unaipata, na kazi nzuri ya kamshafti na hedi inalipa kuliko inavyolipa kwetu. Honda walitoa F20C kwenye S2000, lita mbili bila turbo, farasi 250 kwa mizunguko 8,300, hizo namba ni za hewa kama yenu. Joto lenu na foleni zenu za Likoni na Makupa ni adui wa turbo, intakula haina upepo gari ikiwa imesimama, kila kitu chini ya boneti kinaiva. Na injini isiyo na turbo ina utamu ambao sitaubishia, ukigusa mafuta inaitika pale pale, kwenye kona unajua mguu wako unafanya nini, na ikiharibika unajua ni nini kimeharibika. Ningekuwa naishi Nyali ningechukua 3S-GE nzima, niifungue, niirudishe na ringi na beringi mpya, heda nzuri, kompyuta ityuniwe vizuri, pesa inayobaki iende kwa breki na tairi.

Supachaja nimeulizwa pia. Inavutwa na mkanda kutoka kwa injini yenyewe kwa hivyo haichelewi kama turbo, lakini inakula nguvu kuzungushwa, na kwa vile mkanda unafuata mizunguko ya injini haiwezi kujiongezea kasi kufidia mlima. Spea zake huku ni shida tupu. Kama gari yako ilikuja nayo itunze, kuitafuta upya siwezi kumshauri mtu.

Waliochagua turbo niwaombe mambo machache tu. Shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikielea juu ya oili nyembamba, na upande wa moshi joto linafika nyuzi 900. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, siyo siku utakapokumbuka. Ukipanda mteremko wa Mai Mahiu kwa fujo ukafika juu usizime gari papo hapo, iache iungurume dakika mbili, la sivyo oili iliyobaki ndani ya turbo inaungua inakuwa mkaa na ule mkaa ndio unaziba njia kesho yake. Na bima ielezwe kwamba gari imebadilishwa injini, kampuni ikigundua siku ya ajali umeumia mara mbili, logbuku nayo irekebishwe namba ya injini. Breki kabla ya busti, hilo silirudii.

Ombi langu kwa mafundi wote kupitia gazeti lako ni moja. Kila gari inayotyuniwa mwenyewe apewe karatasi iliyoandikwa imetyuniwa mji gani, kwa busti ya presha kamili ngapi, kwa petroli ya aina gani, na muda wa plagi umewekwa vipi kwenye mzigo mkubwa. Karatasi moja tu, fundi aweke sahihi. Gari ikiuzwa iende nayo, ikienda gereji nyingine fundi wa pili ajue aliyemtangulia alifanya nini badala ya kubahatisha. Sisi hapa tumeanza kuzitoa na wateja wanazikunja wanaweka kwenye kisanduku cha dashibodi pamoja na stika ya bima. Ukurasa wenu wa magari ukiweza kuchapisha mfano wa karatasi hiyo, niko tayari kuwaletea yetu ofisini muitumie bure.

Wako,
Makanika wa injini,
Nakuru